Macho Yana Pazia

Ukipita barabara ya Lang'ata asubuhi, na matatu yako imenaswa kwenye jam karibu na Wilson, huna la kufanya ila kuchungulia nje. Utaona kindege kidogo kikipaa, kikakata kona, kikapotelea upande wa mbuga, kisha kikarudi na kutua palepale kilipotoka. Kabla matatu haijasonga mita mia, kindege kile kile kinapanda tena. Asiyejua atadhani rubani amesahau kitu nyumbani. Kumbe ni mwanafunzi, na anachofanya ni zoezi lenye umri mkubwa kuliko karibu kila kifaa kilicho mbele yake: anajifunza kuzunguka uwanja.

Marubani wetu huuita mzunguko huo sakiti. Ingawa tunasema mzunguko, umbo lake ni mstatili. Barabara ya kurukia ndiyo upande mmoja mrefu. Unapaa ukiukabili upepo, unakata kona, unakata nyingine na kuruka sambamba na uwanja upepo ukiwa mgongoni, unakata ya tatu, ya nne, halafu unashuka kutua. Kimo cha kawaida ni kama futi 1,000 juu ya ardhi. Kila anayetaka kutua anatakiwa kuingia kwenye mstatili huo na kusubiri zamu yake. Ni kama raundabauti, ila hakuna anayeweza kukanyaga breki. Ndege haisimami hewani kumpisha mwenzake.

Sheria za mstatili huo hazikutungwa na mtu aliyekaa ofisini akiwaza. Nyingi ziliandikwa baada ya watu kuumia au kufa, na ukizifuatilia tangu mwanzo utakuta jambo moja likijirudia: macho ya rubani, hata yule hodari kabisa, hayatoshi. Kinachomwokoa ni kuwa mahali ambapo mwenzake anatarajia kumkuta.

Tuanzie Milano, Italia, tarehe 3 Oktoba 1910. Ndege ilikuwa kitu kipya, miaka saba tu tangu ndugu wawili wa Wright waruke kule Kitty Hawk. Kulikuwa na maonyesho ya urubani, na Mfaransa René Thomas, akiwa ndani ya ndege aina ya Antoinette, aliishukia kutoka juu ndege ya Farman iliyokuwa ikiendeshwa na Mwingereza Bertram Dickson. Zote mbili zikaanguka. Wote wawili walitoka hai, lakini Dickson aliumia vibaya, na mwaka wa 1913 akafariki. Hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa mara ya kwanza ndege mbili kugongana angani. Dunia nzima wakati huo ilikuwa na ndege chache mno, lakini zile chache zilikuwa zimekusanyika juu ya uwanja mmoja. Anga ni pana, lakini mlango wa kutokea na kuingilia ni mmoja, na hapo ndipo ndege hukutana. Mpaka leo, migongano mingi ya angani hutokea karibu na viwanja, mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mataifa yalikaa Paris na tarehe 13 Oktoba 1919 yakatia saini mkataba wa kwanza mkubwa wa safari za angani. Ndani yake kulikuwa na sheria za barabara, kwa kusema hivyo, na nyingi ziliazimwa baharini. Nahodha yeyote wa Mombasa angezielewa bila kuelezwa: taa nyekundu upande wa kushoto wa chombo, taa ya kijani upande wa kulia. Kwa viwanja vya ndege, mkataba ulitaka bendera ipandishwe mahali panapoonekana. Ikiwa nyekundu, zunguka kwa kushoto, uwanja uwe upande wa taa yako nyekundu. Ikiwa nyeupe, zunguka kwa kulia. Hapakuwa na redio wala mtu wa kumwuliza. Kitambaa kimoja kilitosha kuwaambia watu wasiojuana waelekee upande mmoja.

Taratibu, kushoto kukawa ndiyo kawaida. Rubani mkuu huketi kiti cha kushoto, na akikata kona upande huo anauona uwanja vizuri. Dunia ilipokutana tena Chicago, tarehe 7 Desemba 1944, ilizaa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, na katika sheria zake za angani mpaka leo imeandikwa kwamba anayekuja kutua au aliyetoka kupaa akate kona zake kushoto, isipokuwa ameelekezwa vingine. Kwa hiyo, kama hakuna mlima, makazi au uwanja mwingine unaozuia, mzunguko wa ndege huenda kinyume na raundabauti ya uwanja wa Nyayo. Dereva wa Nairobi huzunguka kwa kulia, rubani kwa kushoto.

Nairobi nayo haikuwa nyuma sana kwenye hadithi hii. Aero Club of East Africa ilianzishwa mwaka wa 1927. Mwaka wa 1929, mjane mmoja aitwaye Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na kufikia 1933 kulikuwa na uwanja ulioitwa Nairobi West. Mwaka wa 1962 uwanja ukapewa jina lake. Wakati huo jiji lilikuwa limeongeza viwanja. Eastleigh ulikuwa umetumika kwa miaka mingi na wanajeshi na abiria, kisha Embakasi, tunaouita JKIA leo, ukafunguliwa mwaka wa 1958. Ukichora ramani utaona tatizo mara moja: viwanja vitatu vikubwa ndani ya jiji moja, kila kimoja na ndege zake zinazotaka kupanda, kuzunguka na kushuka.

Mwaka ule ule Bi. Wilson anaanzisha kampuni, kule St. Louis, Marekani, kijana aitwaye Archie League alikuwa akisukuma wilbaro hadi kwenye nyasi za uwanja. Ndani yake kulikuwa na kiti, mwavuli wa kujikinga jua, chakula na bendera mbili. Ya rangi nyekundu ilimaanisha subiri. Ya mirabaraba ilimaanisha nenda. Huyo ndiye Wamarekani humtaja kama mwongoza ndege wao wa kwanza. Uwanja wa Croydon, London, ulikuwa tayari na mnara tangu 1920, na mwaka wa 1930 Cleveland wakajenga wa kwao wenye redio. Kuanzia hapo dunia ikagawanyika mara mbili: viwanja vyenye mtu wa kukuambia nenda au ngoja, na viwanja ambako mnajipanga wenyewe.

Aina ya pili haijaisha, usidhani. Marekani kwenyewe, viwanja vingi vya umma havina mnara. Hapa kwetu, watalii wanaotua Keekorok au Ol Kiombo, kule Maasai Mara, wanatua kwenye vumbi lisilo na mnara. Rubani hutangaza kwa redio, kwa masafa ambayo wote wa eneo hilo wanasikiliza: niko hapa, kimo hiki, nakuja kutua. Kisha anasikiliza kama kuna mwingine. Halafu anaangalia nje.

Hapo kwenye kuangalia ndipo shida inapoanza. Wahenga walisema macho hayana pazia. Hawakuwa wamekaa ndani ya Cessna.

Chukua Cessna 172, ndege ambayo marubani wengi duniani wamejifunzia. Bawa lake liko juu ya dirisha. Rubani anapokata kona kushoto, bawa la kushoto hushuka na kuziba kabisa upande anaoelekea, yaani hafla nzima inafanyika nyuma ya pazia. Sasa chukua Piper, ambayo bawa lake liko chini. Huyu anaona juu vizuri, lakini haoni kilicho chini yake. Weka Piper juu na Cessna chini, zote zikishuka kuelekea barabara moja: wa juu hamwoni wa chini, wa chini hamwoni wa juu, na wote wawili wanaapa kwamba mbele ni kweupe.

Halafu kuna hesabu. Ndege mbili ndogo zinazoelekeana, kila moja ikienda kilomita 185 kwa saa, zinakaribiana kwa zaidi ya mita 100 kila sekunde. Mamlaka ya anga ya Marekani hufundisha kwamba tangu jicho lione kitu hadi ndege ianze kweli kukwepa, zinahitajika kama sekunde 12.5: kuona, kutambua kuwa ni ndege, kugundua kwamba mtagongana, kuamua, kusogeza mkono, na ndege yenyewe kuitikia. Piga hesabu. Lazima umwone mwenzako akiwa karibu kilomita 1.3. Kwa umbali huo, mabawa yake ya mita 11, ukinyoosha mkono na kuyapima, ni urefu wa punje ya mchele. Hiyo punje uitafute kwenye anga nzima, huku ukitazama kasi, kimo na barabara ya kutua, na mwalimu akikusemesha.

Na punje yenyewe haitikisiki. Manahodha wanalijua hili tangu zamani: chombo kinachosogea kwenye upeo wako kitapita mbele au nyuma yako, lakini kile kinachobaki palepale huku kikikua ndicho kitakachokugonga. Jicho la binadamu limezoea kushtuliwa na kitu kinachosogea. Hatari kubwa kuliko zote, basi, imetulia kwenye kioo kama doa la uchafu. Ndiyo sababu wanafunzi hufundishwa kutazama anga vipande vipande, wakituliza macho kwa sekunde moja au zaidi kila kipande, badala ya kuyazungusha kama mtu anayetafuta makanga stendi.

Tarehe 25 Septemba 1978, kule San Diego, Boeing 727 ya shirika la PSA ilikuwa ikishuka kutua. Anga ilikuwa safi. Waongozaji waliwaambia marubani kwamba mbele yao kuna Cessna 172, yenye mwalimu na mwanafunzi. Marubani wakasema wameiona. Kisha wakapotezana nayo, wakaamini imeshapita, na hawakusema wazi kwamba hawaioni tena. Boeing iliipata Cessna kutoka nyuma na juu. Watu 144 walikufa, saba kati yao wakiwa ardhini, kwenye mtaa wa makazi. Watu waliofunzwa miaka na miaka, mchana kweupe, wakiwa wameambiwa watazame wapi, bado macho yaliwaangusha.

Utasema, kwani redio ni ya nini? Redio nayo ina hadithi yake. Tarehe 19 Novemba 1996, kwenye uwanja mdogo wa Quincy, jimbo la Illinois, ambao haukuwa na mnara, ndege ya abiria aina ya Beech 1900 ilikuwa ikija kutua. Marubani wake waliiuliza kwa redio ile King Air iliyokuwa mwanzoni mwa barabara nyingine inayokatana na yao: unasubiri au unapaa? Jibu likaja kwamba kuna anayesubiri. Lakini aliyejibu hakuwa King Air. Alikuwa rubani wa ndege ndogo ya tatu, nyuma yake, na maneno yake yaliingiliwa na mlio wa kifaa cha tahadhari ndani ya ndege ya abiria, kwa hiyo sehemu tu ndiyo iliyosikika. Wale wa Beech wakaamini wamejibiwa. King Air ikaanza kupaa. Ndege zikagongana pale barabara zinapokutana, na watu wote 14 waliokuwa ndani ya ndege hizo mbili wakafa. Haikuwa angani, ni kweli, lakini ugonjwa ni ule ule. Kila mtu alikuwa na picha kichwani ya mahali mwenzake alipo, na picha ilikuwa ya uongo.

Na vifaa vya kisasa je? Ndege kubwa zina mtambo unaoitwa TCAS, unaosoma mawimbi ya ndege nyingine na kumwamuru rubani apande au ashuke. Umeokoa maisha ya wengi. Lakini unahitaji ndege ya pili iwe na transponda inayofanya kazi, na ukishuka chini ya takriban futi 1,000 kutoka ardhini mtambo huacha kutoa amri, kwa sababu hauwezi kumwambia rubani ashuke wakati chini kuna paa za nyumba. Kwa maneno mengine, unanyamaza katika kile kimo ambacho ndege zinajipanga kutua.

Ndiyo maana yule mzee mstatili bado anafanya kazi. Haumwongezei mtu uwezo wa kuona. Unampunguzia tu mahali pa kutafuta. Ukijua kwamba kila anayetua atapitia upande ule wenye upepo mgongoni, kwa kimo kile, basi ile punje ya mchele huitafuti mbingu nzima, unaitafuta kwenye mstari mmoja. Lakini mapatano haya yana masharti mawili: kila mtu aingie kwa mlango uleule, na kasi zisipishane sana.

Watsonville, California, tarehe 18 Agosti 2022, yote mawili yalivunjika. Uwanja hauna mnara. Rubani wa Cessna 152, ndege ya mafunzo yenye viti viwili, alikuwa kwenye mzunguko, akitua na kupaa tena. Cessna 340, yenye injini mbili, ikatangaza kwamba inakuja moja kwa moja kutoka mbali, bila kupitia mstatili. Sheria haimkatazi. Wote wawili walizungumza kwenye redio, na walisikika. Lakini ile kubwa ilikuwa na kasi kupita kiasi kwa ndege inayokuja kutua. Rubani wa ile ndogo alipoona mwenzake anamkaribia kwa nyuma haraka hivyo, alitangaza kwamba anaacha kutua na kupanda azunguke tena. Muda ulikuwa umekwisha. Watu watatu walikufa.

Sasa turudi nyumbani. Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya Safarilink ilipaa Wilson kuelekea Diani ikiwa na watu 44, abiria 39 na wahudumu watano. Muda mfupi baadaye, juu ya Mbuga ya Nairobi, iligongana na Cessna 172 ya mafunzo. Dash 8 iliweza kurudi na kutua salama. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa kwenye Cessna walikufa, na mabaki ya ndege yao yakaanguka mbugani. Wilson una mnara. Ilikuwa mchana.

Sitaki kumhukumu mtu hapa. Kazi ya kutafuta chanzo ina wenyewe. Ila mtu aliyesoma historia hii hawezi kuishia kwenye lile swali lililojaa mitandaoni siku hiyo: kwani hawakuonana? Tangu Milano, watu wamekuwa wakikosa kuonana. Swali lenye faida ni lingine. Tumewapangia nini, ili wasipoonana bado waishi?

Kumwambia rubani aangalie na akwepe ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote. Haihitaji mnara mwingine, rada nyingine, mwongozaji mwingine wa zamu wala uwanja wa mafunzo nje ya jiji. Mzigo wote unawekwa kwenye macho ya watu wawili, na mara nyingi mmoja wao ana umri wa miaka ishirini na kitu na anaruka kwa saa yake ya thelathini. Njia nyingine zote zina gharama: kutenganisha wanafunzi na ndege za abiria kwa saa, kwa kimo au kwa mahali, kuhakikisha kila ndege inaonekana kwenye skrini, kuongeza watu mnarani. Wapo wanaosema shule za urubani zihame Wilson kabisa. Wanasahau kwamba rubani wa Dash 8 wa mwaka wa 2035 yuko leo kwenye Cessna, na lazima ajifunze mahali fulani kuishi na ndege kubwa. Lakini kuchanganya kwenye mzunguko mmoja ndege yenye kasi maradufu ya nyingine ni kama kuweka bodaboda na trela kwenye leni moja ya Mombasa Road na kuwaambia kila mtu awe makini. Umakini ni mzuri. Leni mbili ni bora.

Katika sheria za Marekani kuna kifungu ambacho ningependa kibandikwe kwenye kila steji ya matatu. Kinasema kwamba ndege mbili zikija kutua, iliyo chini ndiyo yenye haki ya kupita. Kisha kinaongeza haraka: lakini isiitumie haki hiyo kumkatizia mwingine aliye mbele kwenye mstari wa kutua. Aliyeandika alijua binadamu. Alijua kwamba ukimpa mtu haki, atatafuta namna ya kuitumia kuwahi.

Na kila mwanafunzi, kabla hajaachiwa ndege peke yake, hufundishwa dawa ya haya yote. Usipoelewa mwenzako yuko wapi, usibahatishe. Ongeza nguvu, panda, zunguka tena. Hugharimu dakika tano hivi na mafuta kidogo. Hapa kwetu dakika hizo hulipwa na mwanafunzi mwenyewe, kwa saa, na wengi wao wazazi wameuza shamba. Hata hivyo wanazunguka. Hilo ndilo tunaloliona kutoka dirishani mwa matatu tukadhani wanacheza.